Bertha Benz, mama aliyelipenda gari kwa mikono yake

Wengi wanaojiita wapenzi wa magari wanajua rangi na bei tu. Bertha Benz wa Mannheim, Ujerumani, alijua zaidi. Asubuhi moja ya Agosti 1888 alitoka na watoto wake Eugen na Richard, bila kumuaga mume wake Carl, wakapanda motokari ya magurudumu matatu ambayo Carl aliitengeneza na watu hawakuiamini. Pesa za mahari ya Bertha (kule familia ya msichana ndiyo iliyotoa) zilikuwa zimeingia katika kazi hiyo.

Safari hadi Pforzheim ilipita kilomita 100. Vituo vya esansi havikuwepo. Huko Wiesloch alinunua mafuta kwenye duka la dawa. Mrija wa mafuta ulipoziba, aliuzibua kwa pini ya kofia. Waya ulioachwa wazi aliufunga kwa mkanda wa soksi. Kwenye milima watu walishuka kusukuma, jambo ambalo madereva wa Kivu wanalijua vizuri. Breki za mbao zilipolika, fundi viatu alizipigilia ngozi.

Jioni alimpelekea Carl telegramu: wamefika. Baadaye akamweleza kasoro zote, na Carl akaongeza gia ya kupandia mlima.