Majivu katika mto Rhône

Katika Nasadiki twakiri kwamba twangojea ufufuko wa wafu. Mwaka 177, huko Lyon, mji wa Ufaransa ya leo, wapagani waliijua imani hiyo, wakataka kuikomesha. Askofu Potino, mzee wa miaka zaidi ya 90, alipigwa, akafa gerezani. Blandina, kijakazi, alitiwa katika wavu, akatupwa mbele ya fahali. Miili ya mashahidi ililindwa siku sita isizikwe, ikachomwa moto, majivu yakafagiliwa mtoni Rhône, ili wasiwe na tumaini la kufufuka. Wenzao waliandika kwamba walihuzunika sana kwa kutoweza kuwazika. Nasi tuliokwisha kulilia kaburi twawaelewa.

Ireneo alishika kiti cha Potino. Karibu na mwaka 180 aliandika vitabu vitano kuwapinga wazushi, waliosema roho tu huokoka, mwili na dunia ni takataka. Akawajibu: Mungu aliyemwumba mtu kwa mavumbi, wakati mtu hajakuwapo bado, atashindwaje kumrudishia uzima? Tena viumbe vyenyewe vitafanywa upya. Hakusema kwamba majivu yale yamepotea.