Kiti cha Augustine

Somo letu latoka katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 9, mstari wa 19 hadi wa 23, pale Mtume Paulo aelezapo jinsi alivyojifanya kama wale aliowaendea, Myahudi kwa Wayahudi, na kwa wasio na sheria kama asiye na sheria. Kuyasoma maneno hayo ni rahisi. Kuyatenda ukiwa umekabidhiwa wenzako uwaongoze katika nchi ya ugeni ni kazi nyingine. Leo tumtazame mmoja aliyejaribu.

Huyo ni Augustine wa Canterbury. Tusimchanganye na Augustine wa Hippo, yule mwalimu mkuu Mwafrika aliyefariki mwaka 430. Huyu alikuwa mtawa wa Roma, katika nyumba iliyoanzishwa na Gregory kabla Gregory hajawa Papa mwaka 590. Mwaka 596 Gregory alimtuma pamoja na kundi la watawa kwenda Uingereza, kuwahubiria Waanglo-Saksoni waliokuwa wakiabudu miungu ya baba zao.

Walipofika katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, hofu iliwashika. Walisikia kwamba watu wanaowaendea ni wakali, tena lugha yao hakuna hata mmoja aijuaye. Wakamrudisha Augustine Roma akaombe waruhusiwe kurejea. Gregory hakukubali, lakini pia hakumrudisha mikono mitupu. Alimfanya abati wa kundi lote ili wenzake wamtii, akaandika barua kwa maaskofu wa njiani wawapokee, na katika nchi ya Wafaranka wakapata wakalimani. Sisi tuliosoma theolojia tulipitishwa hapa upesi upesi, na mimi naona si haki. Kundi lililovunjika moyo lilitiwa nguvu kwa maneno, naam, lakini lilipewa pia kiongozi anayejulikana, wenyeji wa kulipokea, na watu wa kulisemea.

Mwaka 597 walitua katika kisiwa cha Thanet, ufalme wa Kent, watu wapatao 40. Mfalme Ethelbert aliagiza wangoje huko na wapewe mahitaji yao. Baada ya siku kadhaa akaja kuwaona, lakini hakukubali kukutana nao ndani ya nyumba. Kwa imani ya kwao aliogopa kwamba wageni wakiwa na uchawi watamshinda wakiwa chini ya paa. Basi wakakutana nje, peupe. Hatusomi kwamba watawa walibishana naye juu ya hofu hiyo. Walikuja na msalaba wa fedha na picha ya Mwokozi iliyochorwa ubaoni, wakiimba litania. Mfalme akawasikiliza, akajibu kwa adabu kwamba maneno yao ni mazuri ila kwake ni mapya, wala hawezi kuyaacha mara moja yale aliyoyashika na watu wake tangu zamani. Hata hivyo aliwapa makao Canterbury na ruhusa ya kuhubiri.

Wala tusimsahau malkia. Bertha alikuwa binti wa mfalme wa Wafaranka, Mkristo, na aliolewa kwa sharti la kuachiwa dini yake. Alikuja na askofu wake, Liudhard, akawa akisali katika kanisa la Mtakatifu Martin, ambalo mpaka leo linatumika. Kumbe katika nyumba ile ya mfalme dini mbili zilikuwa zimekaa pamoja kabla Augustine hajafika! Ethelbert mwenyewe alibatizwa baadaye, na Bede, mwandishi wa historia hii, asema hakumlazimisha mtu, kwa kuwa walimu wake walimfundisha kwamba utumishi wa Kristo ni wa hiari.

Mwaka 601 Gregory alituma wasaidizi wengine, mmoja wao Mellitus. Mwezi Juni alikuwa amemwandikia mfalme abomoe mahekalu ya sanamu. Mwezi Julai, Mellitus akiwa bado njiani, Gregory alimwandikia neno jingine. Alikuwa amefikiri tena. Sanamu ziondolewe, lakini nyumba zenyewe kama ni imara zisibomolewe. Zinyunyiziwe maji ya baraka na kuwekwa madhabahu, ili watu waende kumwabudu Mungu mahali walipopazoea. Na ng'ombe waliokuwa wakitolewa sadaka kwa mashetani, sasa wachinjwe siku za sikukuu. Watu wajenge vibanda vya matawi kuzunguka kanisa, wale, wamshukuru Mungu. Sisi ambao ngoma zetu ziliachwa nje ya milango ya makanisa mengi kwa miaka mingi, twaisoma barua hiyo kwa kuugua kidogo.

Sasa twende magharibi. Kabla ya Waanglo-Saksoni kuivamia nchi, Wabritoni wenyeji walikuwa na Wakristo kati yao tangu siku za Warumi. Waliposukumwa mpaka upande wa Wales, walibaki na maaskofu wao, na Pasaka waliihesabu kwa hesabu ya zamani ambayo Roma ilikuwa imekwisha kuiacha. Kuwahubiria hao waliowanyang'anya mashamba hawakutaka, na ni nani atakayeshangaa? Gregory aliwaweka maaskofu hao wote chini ya Augustine kwa barua. Wao wenyewe hawakuulizwa.

Yapata mwaka 603 Augustine alikutana nao mahali palipoitwa Mwaloni wa Augustine. Mara ya kwanza hawakupatana. Kabla ya mkutano wa pili, asema Bede, walimwendea mtawa mmoja aliyekaa peke yake, wakamwuliza kama wamfuate mgeni huyu. Akawajibu kwamba wamfuate akiwa mpole na mnyenyekevu. Tutajuaje? Mwacheni atangulie kufika, akasema. Mkiingia naye akisimama kuwapokea, msikilizeni. Akikaa tu, mwacheni.

Wakaingia, na inasemekana walikuwa maaskofu saba pamoja na wataalamu wengi wa nyumba ya watawa ya Bangor. Augustine alikuwa ameketi kitini. Hakusimama.

Huenda hakikuwa kiburi. Askofu wa Kirumi alizoea kufundisha akiwa ameketi, na kiti kilikuwa alama ya kazi yake. Tena aliyoyaomba hayakuwa mengi: Pasaka iwe siku moja, ubatizo ufanywe kwa utaratibu wa Roma, na wahubiri pamoja kwa Waingereza, mengine yote yanayohitilafiana angeyavumilia. Wakakataa yote. Walisema moyoni, kama hakusimama sasa, atatudharau zaidi tukiisha kuwa chini yake. Ndipo akawaonya kwamba wasipotaka amani na ndugu zao, watapata vita kwa adui zao. Bede, aliyemaliza kitabu chake mwaka 731, awalaumu Wabritoni. Lakini Bede naye alikuwa Mwingereza.

Mimi naona hivi. Mbele ya mfalme mpagani Augustine alijua yuko ugenini, kwa hiyo alikubali hata kukutana juani. Mbele ya Wakristo wenzake alidhani yuko nyumbani. Mkenya aliyepelekwa Dubai kuongoza kikosi cha wafanyakazi hujihadhari sana na Mwislamu, asimkwaze kwa chakula wala saa za sala. Kumbe Mkristo mwenzake wa dhehebu jingine, aliye chini yake, amwita kwa kidole.

Fitina ya Pasaka haikuishia mwaloni. Kaskazini, katika nyumba ya Mfalme Oswiu aliyelelewa katika desturi ya Waairishi, mfalme alikuwa akila sikukuu ya Pasaka huku malkia, aliyefuata desturi ya Roma, angali katika mfungo, akiadhimisha Jumapili ya Matawi. Kwao shauri lilikatwa katika sinodi ya Whitby, mwaka 664. Wabritoni wa Wales hawakuipokea Pasaka ya Roma mpaka mwaka 768, na Augustine alikuwa kaburini zaidi ya miaka 160.