Hoteli ya Taj Mahal katika Bandari ya Bombay

Katika zama ambapo meli za kampuni ya British India zilikuwa zikienda na kurudi baina ya Bombay na pwani yetu, zikitia nanga Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, mtu wa kwetu aliyesafiri Bara Hindi kwa biashara, masomo au kutafuta tiba aliuona mji ule kwanza kwa upande wa bahari. Na katika majengo yaliyoelekea bandari hapakuwa na lililoishinda kwa haiba na fahari hoteli ya Taj Mahal, yenye kuba kubwa nyekundu katikati. Lile lango la mawe lililo mbele yake, ambalo leo halikosi katika picha za mji, lilikamilishwa mwaka 1924. Hoteli ilikwisha kufungua milango yake tangu tarehe 16 Desemba, 1903.

Aliyeijenga ni Jamsetji Nusserwanji Tata, tajiri wa Kiparsi mwenye viwanda vya nguo za pamba. Husimuliwa sana kwamba alizuiwa mlangoni pa hoteli ya Watson, iliyokuwa ya Wazungu, akaapa kujenga iliyo bora kuliko hiyo. Ubaguzi wa rangi ulikuwapo bila shaka. Walakini naona ni kumpunguzia mtu yule heshima yake kudhani kwamba mali nyingi kiasi kile aliitoa kwa sababu ya ghadhabu ya siku moja. Mwaka 1896 tauni iliingia Bombay, ikaua watu kwa maelfu, na wenye uwezo wakauhama mji. Na maradhi yale yalikuwa hayajaondoka ujenzi ulipoanza. Tata aliupenda mji wake, akataka wageni waujie tena, na kwa azma hiyo alisafiri mwenyewe mpaka Ulaya kuchagua mashine na vyombo, hata jengo likawaka taa za umeme wakati ambapo umeme ulikuwa jambo geni mjini. Aliaga dunia nchini Ujerumani mwezi wa Mei, 1904, hoteli yake ikiwa haijatimiza hata nusu mwaka.

Msafiri aliyejaaliwa kulala humo, kama nilivyojaaliwa mimi, asifanye haraka kupanda chumbani kwa lifti. Na asimame kwanza chini ya kuba, penye ngazi kuu, ambayo hupanda katikati kisha ikagawanyika kulia na kushoto, na hapo ilipo sanamu ya Tata ainue macho azitazame roshani za kila ghorofa, moja juu ya nyingine, zikiizunguka nafasi ile tupu mpaka juu kabisa. Michoro ya jengo ilianzwa na Sitaram Khanderao Vaidya pamoja na D. N. Mirza, na Vaidya alipofariki kabla kazi haijaisha, Mwingereza W. A. Chambers aliikamilisha.

Hapa sina budi kukanusha uvumi mmoja. Kwa kuwa mlango mkuu wa zamani ulikuwa upande wa mjini, si baharini, watu wamezusha kwamba mafundi waliisoma ramani kinyume, na mchoraji alipoona kosa akajiua kwa uchungu. Vaidya alikufa kwa maradhi, wala kosa halikuwapo: magari ya farasi yalikuja kwa upande wa mjini, na vyumba vikaachiwa upande wa bahari vipate upepo. Sisi wa mwambao, tuliozoea kutafuta pepo za bahari katika kila dirisha, hatuhitaji kufafanuliwa hikima hiyo.

Katika Vita vya Kwanza vya Dunia kumbi zake ziligeuzwa hospitali yenye vitanda 600. Mwezi wa Februari, 1948, kikosi cha mwisho cha askari wa Kiingereza kilipita katika lile lango la mawe kikapanda meli kwenda kwao, nayo hoteli aliyoijenga mwana wa nchi ikabaki mahali pake ikiwakabili.

Usiku wa tarehe 26 Novemba, 2008, watu wenye silaha waliingia humo, wakaua, wakawasha moto uliofika mpaka chini ya kuba, na vita havikuisha ila asubuhi ya tarehe 29. Wapishi, wahudumu na wapokea simu, waliozijua njia zote za nyuma na wangeweza kujiokoa mapema, wengi wao walibaki kuwaongoza wageni gizani. Na baadhi yao waliuawa katika kazi hiyo, kwa ajili ya watu ambao hawakuwa jamaa zao. Mafundi walitengeneza mbao, vioo na mawe yaliyoungua, na sehemu ile ya kale ikafunguliwa tena tarehe 15 Agosti, 2010, siku ya uhuru wa India.