Seva ya akiba ikifa: namna ya kurudisha data iliyobaki kwenye diski

Tuseme ni Jumatatu asubuhi katika kituo cha afya mtaani Manyatta, Kisumu. Usiku kulipiga radi, stima ikakatika na kurudi mara tatu, na sasa kompyuta iliyokuwa ikihifadhi nakala za akiba haiwaki. Seva yenye rekodi za wagonjwa inafanya kazi kama kawaida, kwa hiyo hakuna anayeshtuka. Fundi anatoa diski ya nakala, anaitazama, anasema ni nzima. Wiki mbili baadaye seva ya wagonjwa nayo inalala. Diski inafunguliwa. Ndani yake kuna mafaili makubwa kumi na matano, yenye majina kama Vol-0001 na Vol-0002, na hakuna hata mmoja ajuaye lipi limebeba nini.

Mfano huu nimeutunga, lakini yanayousababisha si ya kutunga. Ukanda wa Ziwa Victoria ni wa radi nyingi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, kuanzia Mombasa hadi Kisumu. Vituo vingi vya afya nchini vinaweka rekodi zao katika KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, ambayo mizizi yake iko huku huku magharibi mwa Kenya, katika kazi iliyoanzia kituo cha Mosoriot karibu na Eldoret mwaka 2001. Ndani ya mfumo kama huo mna dawa anazotumia mgonjwa wa HIV, vipimo vyake vya miaka yote, na tarehe yake ya kurudi kliniki. Rekodi hizo zikipotea, muuguzi anabaki kumuuliza mgonjwa akumbuke mwenyewe.

Msomaji wa Lamu, Malindi au Kisauni asidhani haya ni ya watu wa ziwani peke yao. Duka la dawa, shule, chama cha akiba na mikopo, hata ofisi ya wakala wa bandari, wote wana kompyuta ya aina hii pembeni, na wengi hawajawahi kujiuliza itakuwaje siku itakapokufa yenyewe.

Kinachokufa ni daftari

Programu nyingi za kuhifadhi nakala hugawa kazi sehemu mbili. Upande mmoja kuna mafaili makubwa kwenye diski, yaani magunia yenye mzigo. Upande wa pili kuna katalogi, ambayo ni hifadhidata inayoeleza gunia lipi lina faili gani, la siku gani, kutoka kompyuta ipi. Magunia yanaweza kubaki salama huku daftari likiungua.

Nitaeleza kwa kutumia Bacula, programu ya bure ambayo Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000, na ambayo hutumika sana kwenye seva za Linux. Katika Bacula, katalogi hukaa ndani ya MySQL au PostgreSQL, mara nyingi kwenye seva ile ile ya akiba. Seva ikifa, katalogi inakwenda nayo. Habari njema ni kwamba kila gunia limeandikwa ndani yake maelezo ya kutosha kulijenga upya daftari, ukifuata utaratibu.

Hatua ya kwanza: usiguse

Kosa kubwa hufanywa saa ya kwanza. Mtu anaweka programu upya, anaunganisha diski ya zamani, kisha anaiacha ratiba ya usiku ijiendeshe. Programu mpya haina habari ya yaliyomo, na inaweza kuandika juu ya magunia ya zamani. Kwa hiyo:

1. Zima ratiba zote za kuhifadhi nakala.
2. Unganisha diski ya zamani kwa njia ya kusoma tu.
3. Nakili mafaili yote kwenye diski nyingine, kisha fanya kazi na nakala hiyo. Diski ikiwa inatoa makosa ya kusoma, tumia GNU ddrescue, ambayo huokoa kwanza sehemu nzima ndipo irudie zile mbovu.
4. Weka diski ya asili kabatini na uandike tarehe juu yake.

Hatua ya pili: jenga seva mpya

Weka Bacula ya toleo lile lile la zamani ikiwezekana. Toleo jipya husoma magunia ya zamani, lakini muundo wa katalogi hubadilika toleo kwa toleo. Ukirudisha katalogi ya zamani ndani ya programu mpya, itabidi uendeshe update_bacula_tables kabla ya jambo lolote jingine.

Rudisha pia mafaili ya mipangilio, ambayo kwenye mifumo mingi hukaa katika /etc/bacula. Humo mna muundo wa majina ya magunia, aina ya hifadhi, na nywila za seva kuzungumza na kompyuta nyingine. Kama hukuwa na nakala yake, utayaandika upya, na nywila utazibadilisha kwenye kila kompyuta, moja baada ya moja.

Hatua ya tatu: rudisha katalogi

Hapa njia ni tatu, na inafaa kuanza na iliyo nyepesi.

Njia ya kwanza ni ya aliyejiandaa. Mipangilio ya kawaida ya Bacula ina kazi iitwayo BackupCatalog, ambayo huhifadhi katalogi yenyewe baada ya kazi nyingine za usiku, na huandika faili dogo lenye mwisho wa .bsr linaloonyesha katalogi hiyo iko gunia gani na sehemu gani. Ukiwa nalo, amri ya bextract italitoa faili la katalogi bila kuhitaji katalogi:

bextract -b katalogi.bsr -V Vol-0015 /akiba /tmp/rudisha

Kisha unalipakia faili lililotoka, ambalo kwa kawaida huitwa bacula.sql, ndani ya MySQL au PostgreSQL. Kazi imekwisha.

Njia ya pili ni pale faili la .bsr limepotea lakini katalogi ilikuwa ikihifadhiwa. Amri ya bls ikipewa alama ya -j huorodhesha kazi zote zilizomo ndani ya gunia. Anza na gunia la karibuni zaidi, tafuta BackupCatalog ya mwisho, andika pembeni namba za VolSessionId na VolSessionTime, kisha utengeneze faili la .bsr kwa mkono ukitumia namba hizo.

Njia ya tatu ni pale katalogi haikuhifadhiwa kabisa. Unaunda hifadhidata tupu, kisha amri ya bscan inasoma magunia yote mwanzo hadi mwisho na kuandika upya daftari:

bscan -v -s -m -c bacula-sd.conf -V "Vol-0001|Vol-0002" /akiba

Magunia yatajwe kwa mpangilio yalivyoandikwa. Magunia makubwa huchukua muda mrefu, kwa hiyo usiiendeshe bila kifaa cha kushikilia stima. Kabla ya kuanza, ongeza muda wa kutunza rekodi katika mipangilio. Wengi hupitwa na hili: kazi zenye umri uliozidi muda uliowekwa zinaweza kufutwa kwenye katalogi mara tu baada ya kurudishwa, na jasho lote likawa bure.

Ikiwa unachohitaji ni faili moja kwa haraka, kwa mfano hifadhidata ya wagonjwa ya jana, huna haja ya kungoja daftari zima. Amri ya bextract inaweza kulitoa faili hilo peke yake moja kwa moja kutoka kwenye gunia.

Data iliyofungwa kwa ufunguo ina mambo yake. Bextract haiwezi kuifungua. Itabidi katalogi irudi kwanza, kisha data irejeshwe kupitia kompyuta yenye ufunguo wake. Kama ufunguo ulikuwa kwenye mashine iliyokufa tu, na hakuna ufunguo mkuu mahali pengine, data hiyo imekwenda.

Kwa wanaotumia Veeam, mambo yanafanana kwa sura nyingine. Unaweka programu upya na kuingiza mafaili ya .vbk na .vib kutoka kwenye diski. Mipangilio hurudi kutoka faili la .bco. Faili moja la .vib likikosekana katikati, yote yaliyofuata baada yake katika mnyororo huo hayarudi.

Hatua ya nne: hakikisha na mwenye kuijua

Usirudishe data juu ya seva inayofanya kazi. Irudishe kwenye folda tofauti au kompyuta ya majaribio. Ujumbe wa kwamba kazi imekwisha salama hautoshi. Mwite muuguzi au karani anayeutumia mfumo kila siku, afungue wagonjwa kumi anaowafahamu, atazame dawa na tarehe zao za mwisho. Yeye ndiye atakayejua kama kuna wiki nzima iliyokosekana.

Hata wakubwa huanguka hapa. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa kampuni ya GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa ikitumika. Walipokwenda kwenye nakala za akiba, wakakuta za kila siku zilikuwa zikishindikana kimya kimya kwa sababu ya programu ya toleo lisilolingana. Kilichowaokoa ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla. Yaliyoingia katika saa hizo yakapotea.

Ya kufanya wiki hii

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, tena bila harufu. Kwa hiyo, toa nje ya seva ya akiba vitu vinne vidogo: nakala ya katalogi, mafaili ya .bsr, mafaili ya mipangilio, na funguo. Vyote huenea kwenye flashi moja, na flashi hiyo ikae jengo jingine, imefungwa kwa nywila. Ukiongeza nakala ya mtandaoni ni vyema, ila usiitegemee peke yake. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, na siku kama hiyo huwezi kuvuta mzigo mkubwa kutoka ng'ambo.

Sheria nayo inadai. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, katika kifungu cha 41, inamtaka anayetunza data za watu azingatie uwezo wa kuzirudisha kwa wakati baada ya hitilafu. Kuwa na diski kabatini hakujatimiza hilo. Kinachohesabika ni kuirudisha data.

Basi chagua siku moja kila miezi mitatu. Chukua kompyuta tupu, flashi, na nakala ya diski, ujifanye seva ya akiba imekufa. Tazama saa. Kama hadi jioni muuguzi hajaweza kufungua rekodi ya mgonjwa mmoja, ni afadhali umelijua hilo siku ya majaribio, foleni ya wagonjwa ikiwa haijajaa mlangoni.