Shamba la Milimani, Faida ya Tambarare: Korona na Kazi ya Ujira Voi

Wanahistoria wa uchumi wana kisa kimoja wasichochoka kukisimulia. Tauni ilipoifyeka Uingereza mwaka 1348, watu wa kulima wakawa haba na ujira ukapanda. Wenye ardhi wakakimbilia sheria: mwaka 1351 Bunge liliamuru malipo yarudi yalipokuwa kabla ya maradhi. Kutokana na kisa hicho wengi huhitimisha kwamba janga kubwa humnyanyua mfanyakazi aliyesalimika, maana kilicho adimu huwa ghali. Ukikipandisha kisa hicho gari hadi Voi, kinaharibika njiani. Korona haikupunguza wafanyakazi wa Voi. Ilipunguza kazi. Swali letu basi ni jingine: kazi ilipokatika, nani alimlisha mfanyakazi hadi alipohitajiwa tena?

Voi ni mji wa vipitavyo. Ulikua na reli iliyopanda kutoka Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na hadi leo unakula kwa malori, treni na watalii waendao Tsavo. Machi 2020 safari za ndege za abiria kutoka ng'ambo zilisimamishwa na kafyu ikaanza. Aprili ikafungwa Nairobi, kisha Mombasa, Kwale na Kilifi, na treni ya abiria ikalala hadi Julai. Taita Taveta, kaunti ya Voi, yenyewe haikufungwa. Ilibaki katikati ya barabara iliyozibwa ncha zote mbili. Tarehe 16 Mei mpaka wa Tanzania nao ukafungwa, Taveta ikiwemo, isipokuwa kwa mizigo. Hapo mantiki ya wakati ule ilijianika: bidhaa zipite, watu wakae. Kuanzia Juni serikali ilielekeza shehena za Uganda, Rwanda na Sudan Kusini zipelekwe Naivasha kwa reli, na treni ya makontena, kama ajuavyo kila mama mwenye kibanda kando ya barabara kuu, hainunui chapati.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza watu kwa kukosa kazi atoe notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua ya siku 15 kwa kila mwaka wa utumishi. Kuna njia rahisi zaidi: likizo bila malipo. Mkataba unabaki hai, mshahara unakufa. Katika sekta ya hoteli nchini, njia hiyo ilitumika sana mwaka 2020. Mtu wa Wundanyi, Werugha au Mgange aliyekuwa akitandika vitanda tambarare alirudi milimani, kwenye vipande vya ardhi vya mahindi, maharagwe na migomba.

Mwanasosholojia Harold Wolpe, akiandika mwaka 1972 kuhusu Afrika Kusini, alidai kwamba ujira wa migodini uliweza kuwa mdogo kwa sababu familia ya mchimbaji ilijilisha kwa kilimo cha nyumbani. Mtaji ulikuwa ukivuna bila kupanda. Hoja hiyo imepingwa kwa mengi, na mimi siikubali yote, lakini naiona ikitembea kwa miguu yake kati ya Mwatate na Voi. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kilimo asiye na ujuzi kiliwekwa shilingi 6,736.30 kwa mwezi Mei 2018, na hakikuguswa kwa miaka minne. Hakuna anayeamini kwamba kiasi hicho kilikidhi chakula, kodi ya nyumba na karo. Kilichobaki hujazwa na jembe, na mara nyingi anayelishika ni mwanamke. Janga halikuuanzisha mpango huu; lililiongezea jembe lile lile midomo zaidi ya kulisha.

Nafuu ya kodi ya Aprili 2020 inathibitisha kwamba mzigo uliachiwa jembe. Kodi ya kampuni ilishushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, ya ongezeko la thamani kutoka 16 hadi 14, na wanaolipwa hadi shilingi 24,000 wakasamehewa kodi ya mapato. Ilisikika vizuri redioni. Lakini mkata mkonge wa shilingi 6,736 hakuwa akilipa kodi ya mapato tangu hapo. Alisamehewa deni asilokuwa nalo.

Ni kweli kwamba waajiri nao waliumia. Wageni wa kimataifa walioingia Kenya walishuka kutoka takriban milioni 2 mwaka 2019 hadi chini ya laki sita mwaka uliofuata, na hoteli tupu haina faida. Ila mtaji una pa kuhamia. Benki ya Equity, iliyopata faida ya shilingi bilioni 20.1 mwaka 2020, ilipata bilioni 40.1 mwaka 2021. Mhudumu wa hoteli ya Tsavo hana pa kuhamia ila milimani.

Wapo watakaosema kwamba uhaba halisi wa watu ungebadili mambo. Historia yetu inajibu. Homa ya 1918 ilishuka melini Mombasa ikapanda bara na reli, ikawakuta watu waliokwisha kuumizwa na upagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vile vile vilivyoleta reli ya kijeshi ya kutoka Voi kuelekea Taveta. Wafanyakazi walikuwa adimu kwelikweli. Ujira haukupanda: Gavana wa kikoloni, Northey, aliagiza mwaka 1919 maofisa wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi kwa walowezi, kikafuata kipande, kitambulisho cha lazima cha mfanyakazi, na mwaka 1921 walowezi wakaazimia kukata mishahara kwa theluthi. Waingereza wa 1351 wangeitambua mbinu hiyo.

Tofauti ya leo ni kwamba ghala lenyewe, yaani shamba la nyumbani, limepungua. Tsavo, iliyotangazwa mbuga mwaka 1948, inashika takriban asilimia 62 ya kaunti. Mashamba makubwa ya mkonge yana sehemu yake. Anayelima Sagalla au pembezoni mwa Mwatate hugawana mavuno na ndovu. Maskwota wa Taveta na mpangaji wa chumba Voi hawana hata kilima cha kurudia. Septemba 2021, kabla kafyu haijaondolewa, ukame ulitangazwa kuwa janga la kitaifa.

Mishahara ya kima cha chini ilipanda hatimaye tarehe 1 Mei 2022, kwa asilimia 12. Hapakuwa na uhaba wa wafanyakazi. Palikuwa na uchaguzi mkuu miezi mitatu mbele. Kwa kibarua wa shambani nyongeza hiyo ilikuwa shilingi 808 na senti 36 kwa mwezi, na masika ya mwaka huo, tambarare, yalikuwa yakishindwa tena.