Kulegeza Mvutano: Kiswahili cha Détente

Détente ni neno la Kifaransa ambalo limezoeleka katika lugha za kidiplomasia duniani kote, lakini katika Kiswahili halijatulia. Leo utalikuta limefasiriwa suluhu, kesho maridhiano, keshokutwa amani. Maneno hayo matatu ni mazuri, ila hakuna hata moja linalotaja jambo lenyewe. Détente ni hatua zinazochukuliwa kwa makusudi na mataifa hasimu ili kupunguza ukali wa mvutano baina yao, huku kila upande ukiendelea kumhesabu mwenzake kuwa mpinzani.

Istilahi hii ilipata umaarufu wakati wa Vita Baridi. Oktoba 1962 Marekani na Muungano wa Kisovyeti zilikaribia kupigana kwa sababu ya makombora ya nyuklia yaliyowekwa Cuba. Katika siku zile za hatari, barua za Rais Kennedy wa Marekani na kiongozi wa Kisovyeti, Khrushchev, zilichukua saa nyingi kufika, kufumbuliwa na kutafsiriwa. Ndiyo maana tarehe 20 Juni 1963 nchi hizo zilitia saini mjini Geneva makubaliano ya kuunganisha Washington na Moscow kwa njia ya mawasiliano ya moja kwa moja. Wengi hudhani ilikuwa simu nyekundu mezani kwa rais. Kwa kweli zilikuwa mashine za kupiga chapa na kupeleka maandishi kwa waya, kila upande ukiandika kwa lugha yake. Ujumbe wa kwanza wa majaribio kutoka Washington ulikuwa sentensi ya Kiingereza kuhusu mbweha aliyeruka mgongo wa mbwa mvivu, iliyochaguliwa kwa kuwa ina herufi zote za alfabeti. Hakukuwa na urafiki wowote katika sentensi hiyo. Kilichokuwapo ni tahadhari ya mahasimu wawili wasiotaka kuangamizana kwa kutoelewana.

Kilele cha détente kilikuja Mei 1972, Rais Nixon wa Marekani alipokwenda Moscow na kutia saini pamoja na kiongozi wa Kisovyeti, Brezhnev, mapatano ya SALT I ya kudhibiti silaha za nyuklia. Idadi ya mitambo ya makombora ya masafa marefu ya nchi kavu ilizuiwa ilipofika: Marekani 1,054, Wasovyeti 1,618. Mitambo iliyokuwapo ilibaki, na vichwa vya nyuklia ambavyo kombora moja lingeweza kubeba havikuwekewa kikomo, kwa hiyo viliendelea kuongezeka. Anayeita mapatano hayo “uondoaji wa silaha” amekosea, na anayeyaita “amani” amekosea zaidi.

Sasa tupime maneno yetu. Suluhu humaliza ugomvi. Baada yake hakuna cha kugombania. Maridhiano yanagusa mioyo, watu wakasameheana na kuridhiana. Kusitisha mapigano kunahitaji mapigano yaliyokwisha kuanza, ilhali majeshi ya Washington na Moscow hayakuwa yakipigana vita vya wazi. Kukaribiana kunaifaa zaidi safari ya Nixon nchini China, Februari 1972, kwa kuwa pale nchi mbili ambazo hazikuwa na uhusiano wa kibalozi zilianza kufungua milango. Kupunguza uhasama ndiko kunakokaribia, na vyombo vya habari hukutumia sana. Kasoro yake ni kwamba uhasama ni chuki pamoja na upinzani, na katika détente upinzani wenyewe unaweza usipungue hata chembe.

Neno linalotufaa tunalo tayari: mvutano. Limetokana na kuvutana, kitendo kisichowezekana kwa mtu mmoja. Kamba ikikaza mno hukatika, wote wawili wakaanguka. Wakiilegeza kidogo, kila mmoja bado ameshika upande wake. Maana hiyo inalingana na asili ya neno la Kifaransa, ambalo nalo ni kulegeza kilichokazwa. Kwa hiyo napendekeza ulegezaji wa mvutano, au katika sentensi za kawaida, kulegeza mvutano.

Kitenzi kiwe kulegeza, kisiwe kulegea. Mvutano unaweza kulegea wenyewe, kwa uchovu, kwa ukata au kwa kifo cha kiongozi mkali. Hiyo ni bahati. Kulegeza kunadai mtendaji: serikali iliyokaa, ikapima, ikaamua. Anayesema mvutano umelegea anaeleza hali. Anayesema wameulegeza anaeleza sera.

Usahihi huu si anasa ya wanaisimu. Wamarekani wengi walitarajia kwamba mvutano ukilegezwa kwenye makombora utalegea pia Afrika na Asia. Brezhnev hakuwahi kuahidi hivyo. Mbele ya mkutano mkuu wa chama chake mwaka 1976 alisema wazi kwamba sera hiyo haifuti mapambano ya kitabaka. Wakuba waliosaidiwa na Moscow walikuwa wamekwisha kuingia Angola, na baadaye wakapigana Ogaden upande wa Ethiopia. Mwaka huohuo wa 1976 Rais Ford, akiwa katika kampeni, aliacha kulitumia neno détente kwa kuwa lilikuwa limegeuka mzigo. Desemba 1979 majeshi ya Kisovyeti yaliingia Afghanistan, na Rais Carter wa Marekani akaliomba Baraza la Seneti kuahirisha mjadala wa mkataba wa SALT II.

Kamba ilipokaza tena, ilivuta hata wasioishika. Februari 1980 Carter alimtuma bondia Muhammad Ali Afrika kuzishawishi nchi zisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere alikataa kuonana naye. Kenya ilisusia, Tanzania ilikwenda, na wanariadha wake Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi kila mmoja na medali ya fedha.

Mhariri anayekutana na habari ya mahasimu waliopeana mikono na ajiulize mambo matatu kabla ya kuchagua neno. Je, bado ni wapinzani? Je, wamechukua hatua kwa makusudi, pande zote mbili? Na hatua hizo zimegusa nini hasa: silaha, biashara, mipaka au safari za watu? Akipata ndiyo mbili za mwanzo, aandike wamelegeza mvutano, kisha ataje jibu la tatu katika sentensi hiyohiyo, maana msomaji asipoambiwa kilicholegezwa, atadhani ni vyote.