Kwa nini katika briji mchezaji hana ruhusa ya kusamehe: historia ya mwamuzi na adabu ya mezani

Watu wanne wameketi mezani, wawili kwa wawili, kila mmoja akimtazama mwenzake wa upande wa pili. Mmoja, kwa haraka, anatupa karata wakati zamu si yake. Mpinzani wake anacheka na kusema: «Haina neno, rudisha tu, tuendelee.»

Nyumbani, jibu kama hilo lingesifiwa kuwa la mtu mwenye roho nzuri. Lakini katika kilabu cha briji ya mashindano, huyo mwenye roho nzuri naye amevunja sheria, kwa kuwa hana ruhusa ya kusamehe. Sheria za mchezo zinasema wazi kwamba wachezaji hawawezi kujipangia adhabu wenyewe wala kuifuta wenyewe. Mwenye haki hiyo ni mwamuzi peke yake.

Kwa mtu aliyezoea kucheza karata na majirani jioni, sheria hiyo inaweza kuonekana ngumu bila sababu. Lakini ina sababu yake, na kuielewa inabidi kurudi nyuma zaidi ya miaka 160, mpaka London.

Karata zilezile, meza mbalimbali

Kabla ya briji, Waingereza walicheza wisti, mchezo wa karata wa watu wanne. Kila mara lilirudi swali moja: anayeshinda anashinda kwa akili, ama kwa sababu amegawiwa karata nzuri? Aliyeshindwa alisema ni bahati. Aliyeshinda alisema ni akili. Hakuna aliyeweza kutoa ushahidi.

Mwaka 1857, daktari mmoja wa London, Henry Jones, ambaye aliandika vitabu vya karata kwa jina la Cavendish, alifanya jaribio. Wachezaji hodari walicheza na wachezaji dhaifu kwenye meza mbili. Karata walizoshika wenye ujuzi kwenye meza ya kwanza zilishikwa na wasio na ujuzi kwenye meza ya pili. Hivyo bahati ikawa sawa kwa pande zote. Wenye ujuzi ndio walioshinda.

Wazo hilo lilivuka bahari mpaka Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 watu walianza kutumia vibao vyenye mifuko minne. Baada ya kucheza, kila mmoja anarudisha karata zake 13 katika mfuko wake, na kibao kinapelekwa meza nyingine kusudi wengine wacheze karata zilezile. Mwaka 1891, John T. Mitchell alichapisha kitabu kilichoeleza namna vibao na wachezaji wanavyohama kutoka meza moja hadi nyingine. Mpango wake bado unatumika katika vilabu vingi hadi leo.

Hapo ndipo mchezo ulipobadilika kabisa. Mtu hapigani tena na wale wawili walio mbele yake peke yao. Alama zake zinalinganishwa na za wale walioshika karata kama zake kwenye meza nyingine, watu ambao pengine hakuongea nao usiku mzima.

Ahadi na matokeo yake

Wisti ilizaa briji, na briji ikapata sura yake ya sasa mwishoni mwa mwaka 1925. Tajiri wa Marekani, Harold Vanderbilt, alikuwa akisafiri kwa meli iitwayo Finland kupitia mfereji wa Panama. Akiwa na wenzake ndani ya meli, alijaribu njia mpya ya kuhesabu alama, na njia hiyo ikaenea haraka.

Mchezo wenyewe unaanza kwa mnada. Kila upande unatangaza ni mizunguko mingapi utakula kati ya 13, na ni aina gani ya karata itakuwa turufu. Tangazo la mwisho linakuwa ahadi. Mmoja wa upande ulioahidi anacheza, na mwenzake analaza karata zake wazi juu ya meza. Ahadi ikitimia wanapata alama. Isipotimia, alama zinakwenda kwa wapinzani.

Mwaka 1932, wakuu wa mchezo wa London, New York na Ufaransa walikubaliana juu ya kanuni moja ya kimataifa. Kwa hiyo, kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, mtu aliweza kuvuka bahari na kukuta mchezo ni uleule.

Lakini kanuni iliyoandikwa kwenye kitabu haimzuii mtu kukasirika. Hilo lilikuwa limeonekana tayari katika mji wa Kansas City, Marekani, Jumapili ya tarehe 29 Septemba 1929. Bwana na bibi, John na Myrtle Bennett, walikuwa wakicheza nyumbani kwao na majirani, mke na mume. John aliahidi kula mizunguko 10, turufu ikiwa shupaza, ambayo kwa Kongo wengi huiita pike. Akashindwa. Mke wake alimlaumu kwa uchezaji wake mbele ya wageni, naye akampiga makofi. Akasema anaondoka nyumbani. Mke akaenda kuleta bastola, na John Bennett akafa usiku ule. Mwaka 1931 mahakama ilimwachilia Myrtle.

Mchezo ule ulikuwa wa nyumbani, si wa mashindano, na vurugu ya ndani ya ndoa haiwezi kuponywa na kitabu cha sheria za karata. Hata hivyo habari ile ilisambaa Marekani yote, na wachezaji wakabaki nayo kama onyo: lawama kwa mwenzako mbele ya watu haibaki kwenye karata.

Kumwita mwamuzi si kushtaki

Katika vilabu vya mashindano, kazi ya kutuliza na kukata maneno ilipewa mtu mmoja, mwamuzi wa ukumbi. Yeye ni kama refa wa mpira, ila hapigi filimbi. Anangoja kuitwa.

Utaratibu ni huu. Mtu yeyote mezani akishataja kosa, mchezo unasimama na mwamuzi anaitwa. Baada ya kosa kutajwa, yeyote kati ya wanne anaweza kumwita, hata yule aliyekosea. Hakuna ruhusa ya kugusa wala kutangaza kitu chochote kabla mwamuzi hajafika na kueleza. Anauliza kilichotokea, anasikiliza pande zote mbili, anafungua kitabu, kisha anatoa uamuzi.

Tuchukue karata iliyotupwa nje ya zamu, mwanzoni kabisa mwa mchezo, na mpinzani asiyestahili kuanza. Mwamuzi atamweleza mwenye ahadi kwamba ana njia tano. Anaweza kuikubali karata ile na kuendelea kucheza mwenyewe. Anaweza kuikubali na kumwachia mwenzake acheze, yeye akilaza karata zake. Anaweza kuikataa na kumlazimisha yule mwenye zamu ya kweli kuanza na aina ileile ya karata. Anaweza kumkataza kuanza na aina hiyo. Au anaweza kumwacha aanze na karata yoyote atakayo, huku ile iliyotupwa ikibaki wazi mezani mpaka itakapochezwa. Kwa uamuzi wa namna hii, mwenye kosa hatukanwi, na mwenye haki hapungukiwi kwa kuwa mpole.

Wazee wa mchezo waliongeza pia njia ya kuzuia kosa hilo lisizaliwe. Karata ya kwanza inawekwa mezani ikiwa imefunikwa. Mwenzake anapewa nafasi ya kuuliza maswali, na watu wanapata muda wa kuona kama zamu ni ya haki, ndipo inafunuliwa. Vilevile, kabla mtu hajatazama karata zake, anazihesabu zikiwa zimefunikwa, kuhakikisha ni 13. Vitendo hivi vidogo vinachukua sekunde chache na vinaokoa ugomvi mwingi.

Sasa turudi kwa yule aliyesema «haina neno». Karata zake zilichezwa pia meza ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mpinzani anayemsamehe atapata alama nzuri kuliko alizostahili, na alama hizo zitalinganishwa na za watu wa meza nyingine walioshika karata zilezile na kuzicheza bila kosa. Hao ndio watakaoshuka, na hakuna aliyewauliza. Mchezaji yule amedhani anatoa kilicho chake, kumbe amegawa na cha wenzake.

Anayesimama kwenye foleni ya maji na ndoo yake anaelewa jambo hili bila kufundishwa. Mtu aliye mbele akimwita rafiki yake aingie, yeye anajiona mkarimu. Lakini nafasi aliyoitoa si yake pekee, ni ya wote walio nyuma.

Sheria haikufunga mlango wa huruma, ila imeonyesha unapopitia. Upande usio na kosa unaweza kumwomba mwamuzi aondoe adhabu. Akiona kuna sababu, ataiondoa, yeye anayetazama ukumbi mzima.

Sauti, kimya na pazia

Sehemu ngumu zaidi ya adabu ya briji haihusu matusi. Inahusu habari zinazovuja. Wenzi wawili wanaruhusiwa kuelewana kwa njia ya mnada na karata tu. Lakini sauti ikipanda kidogo, uso ukikunjamana, au mtu akikaa kimya muda mrefu kabla ya kusema «napita», mwenzake ameshajua jambo.

Hapa sheria iliweka mzigo mahali ambapo wengi hawautarajii. Kufikiri si kosa. Kila mtu ana haki ya kufikiri. Mwenye kubanwa ni mwenzake. Ikiwa ana njia mbili zenye maana, na kimya kile kinampendekezea moja, hana ruhusa ya kuichagua hiyo. Mwamuzi akiitwa, hamwiti mtu mwizi. Anauliza tu: kulikuwa na njia nyingine? Kimya kilielekeza wapi? Kisha, ikibidi, anarekebisha alama.

Ili kupunguza sauti, mwanzoni mwa miaka ya 1960 Waswidi walileta visanduku vya kadi. Badala ya kutangaza kwa mdomo, mchezaji anatoa kadi iliyoandikwa tangazo lake na kuiweka mezani. Visanduku hivyo vimeenea duniani.

Kwenye mashindano makubwa hata hivyo havikutosha. Mwaka 1965, huko Buenos Aires, Waingereza wawili, Terence Reese na Boris Schapiro, walishtakiwa kwamba walipeana ishara kwa vidole walivyoshikia karata. Shirikisho la dunia liliwaona wana hatia. Uchunguzi uliofanywa Uingereza chini ya mwanasheria Sir John Foster ulisema kosa halikuthibitishwa kiasi cha kuondoa shaka. Wachezaji wengine wanabishana juu yake mpaka leo. Kwenye mashindano ya dunia ya mwaka 1975, mapazia ya mbao yalisimamishwa mezani kusudi mtu asimwone mwenzake. Mwaka uleule, Waitaliano wawili walikaripiwa kwa kugusana miguu chini ya meza, na ikabidi huko chini nako kuzibwe.

Kilabu cha kawaida hakina mapazia. Kina wazee, wastaafu, vijana wanaojifunza, na chai. Huko, adabu ndiyo inayofanya kazi ya pazia: kutangaza kwa namna ileile kila mara, kutovuta karata kabla ya zamu, kutopiga mguno mwenzako anapokosea, kutochelewesha mchezo kwa kumkera mpinzani. Kitabu cha sheria kinaanza sehemu hiyo kwa kumtaka mchezaji awe na heshima wakati wote. Hakisemi «akiwa anashinda».

Na pale heshima ilipopungua, vilabu viliumia. Wageni walikuja mara moja, wakafokewa, hawakurudi. Mwaka 1998, shirikisho la briji la Amerika Kaskazini lilipitisha mpango wa kutovumilia ukorofi: anayefoka, anayedharau, anayemsomesha mwenzake kwa nguvu mezani anakatwa alama papo hapo. Akirudia, anaweza kutolewa nje. Hata bingwa.

Je, mwamuzi mwenyewe akikosea?

Swali hilo nalo lilipata jibu. Mchezaji asiyeridhika anaweza kukata rufaa. Kwa kawaida ana dakika 30 baada ya matokeo kutolewa. Lakini mezani hapo anatii kwanza, mchezo uendelee.

Na mwamuzi akigundua kwamba uamuzi wake ulikuwa wa makosa, na karata zile haziwezi tena kuhesabiwa kama kawaida, sheria inamwamuru atoe alama nyingine akizihesabu pande zote mbili kuwa hazina kosa. Hata ule uliokosea mwanzo. Wachezaji hawabebi kosa la mwenye mamlaka.

Ndiyo maana katika vilabu vyenye mazoea mema, mtu anainua mkono, anaita «mwamuzi, tafadhali», na hakuna anayegeuza shingo. Meza za jirani zinaendelea kucheza. Dakika mbili baadaye karata zinarudi kwenye mifuko yao, kibao kinapelekwa mbele, na watu wa meza inayofuata wanazihesabu: 13, zikiwa zimefunikwa.